Vita Tulivyoshinda Pande Zote Mbili

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea na masomo, na kijiji kikanipa kazi mbili ambazo hakuna mtu mwingine aliyezitaka. Ya kwanza ilikuwa kufundisha kisomo cha watu wazima kila siku saa kumi alasiri. Ya pili ilikuwa kuandika habari kwenye ubao uliosimamishwa nje ya ofisi ya kijiji. Malipo yake yalikuwa kuitwa mwalimu na watu wa rika la bibi yangu, na kwa binti wa miaka kumi na saba hayo hayakuwa malipo madogo.

Ubao wenyewe ulikuwa mbao nne zilizopigiliwa pamoja. Tuliupaka ule unga mweusi unaotoka ndani ya betri za redio zilizokufa, tukauchanganya na majani ya mhogo yaliyotwangwa. Redio ilikuwa moja, mali ya kijiji, na ilikaa mezani kwa Mwenyekiti. Kila siku saa saba mchana nilikaa mbele yake na daftari, nikaandika nilichokisikia, kisha nikakinakili ubaoni kwa herufi kubwa ili wanafunzi wangu wapate cha kusoma. Miezi ya mwanzo habari zilikuwa za mbolea, mbegu bora, na wageni kutoka nchi rafiki waliotembelea viwanda. Wanafunzi wangu walisimama mbele ya ubao, wakasoma maneno mawili matatu, wakakumbuka kwamba wana kuni za kuokota.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Miaka michache kabla ya hapo serikali ilikuwa imetuhamisha kutoka mashambani kwetu na kutupanga kando ya barabara, upande wa Miteja, wilayani Kilwa, nyumba zikiwa kwenye mstari, ili tupate shule, zahanati na maji. Shule ilikuja. Zahanati ilikuja ikiwa jengo lenye tabibu mmoja. Maji tuliambiwa yako njiani. Mikorosho yetu tuliiacha kule kule kwenye mahame, makazi yetu ya zamani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa sababu mikorosho haisikii matangazo. Na ng'ambo ya kijito, karibu zaidi na mahame yale, walihamishiwa watu wengine ambao nao walikuwa wameacha mikorosho yao mahali pengine. Tulioana nao, tulizikana nao, na sisi tuliwaita watu wa ng'ambo. Wao walituita watu wa barabarani.

Kisha vita vikaanza. Jeshi la Uganda liliingia Kagera, na kutoka kwetu hadi Kagera ni nchi nzima, lakini redio ilifanya pawe nyuma ya nyumba. Mtangazaji yule yule aliyekuwa akisoma habari za mbolea kama mtu aliyelazimishwa, sasa alisoma kama mtu anayekimbia. Ngoma na tarumbeta zilimtangulia na kumfuata. Nilijifunza maneno ambayo hayakuwamo katika kitabu chetu cha kisomo: uvamizi, adui, wapiganaji wetu shupavu, hasara kubwa, majeruhi wachache. Niliyaandika yote kwa herufi kubwa, na chini yake nikachora mshale unaoelekea mbele.

Haikuchukua siku tatu ubao wangu ukawa na watu wengi kuliko msikiti siku ya Ijumaa. Mama mmoja aliyekuwa amehangaika miezi minane na sentensi ya baba analima, alisoma neno adui kwa kulitupia jicho mara moja. Wengine walikuja kabla sijamaliza kuandika na kunisaidia kubahatisha neno linalofuata, na mara nyingi walibahatisha sawa, maana habari za vita zilikuwa na maneno machache na yalirudi kila siku. Nilifurahi sana. Niliona vita vinasomesha.

Afisa wa elimu ya watu wazima alipokuja kutoka wilayani kukagua, aliwakuta wanafunzi wangu wamejaa mbele ya ubao, wakisoma kwa sauti. Aliandika katika daftari lake kwamba hamasa imepanda. Kabla ya kuondoka alinipa ushauri, na mimi niliupokea kama sheria ya kazi. Alisema msomaji mpya huchoka upesi, kwa hiyo kila habari imwonyeshe mapema nani ana makosa na nani anashinda. Mengine yote, alisema, ni mapambo.

Ulikuwa msimu wa korosho. Asubuhi moja mjomba wangu, kaka yake mama, alikwenda kwenye mahame yake na vijana wawili, akawakuta wanawake watatu wa ng'ambo wanaokota korosho chini ya mikorosho yake. Wakasemezana. Kapu moja likapigwa teke, korosho zikamwagika, mtu akarusha fimbo ambayo haikumpata yeyote. Kisha kila upande ukarudi kwao ukinung'unika. Kwa desturi yetu jambo kama hilo lingekwisha kabla ya jua kuzama: mtu angetumwa na kuku, akae barazani, aulize habari za watoto wote mmoja mmoja, halafu ndipo ataje korosho.

Lakini sasa tulikuwa na ubao. Mwenyekiti wa kijiji aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye sauti ya kuongozea mikutano, na tangu vita vianze alikuwa akitembea kwa hatua za gwaride. Aliniambia kwamba kijiji nacho kina habari zake, na kwamba wananchi wana haki ya kujua. Nilikaa kwenye benchi na daftari langu. Nilitafuta maneno ya kuandika kuhusu kapu na fimbo, na maneno yaliyokuwa karibu yalikuwa yale ya saa saba mchana. Nikaandika:

UVAMIZI. ADUI AINGIA ARDHI YETU. WAPIGANAJI WETU SHUPAVU WAMRUDISHA NYUMA. ADUI APATA HASARA KUBWA.

Hasara kubwa ilikuwa lile kapu.

Mjomba alikuja kuutazama ubao. Hakujua kusoma, na siku zote alikataa kuja kisomoni akisema macho yake ni ya kutazamia nguruwe shambani. Siku ile aliomba asomewe mara mbili. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mpole, anayepoteza kofia yake kila wiki, na sasa alisimama pale akiwa mpiganaji shupavu, na nilimwona anajinyoosha. Watu walimpa mkono. Mimi nami nilijisikia nimefanya jambo.

Baada ya hapo mambo hayakuhitaji kusukumwa. Mtu aliyeitwa mpiganaji hawezi kukaa nyumbani akimenya mihogo. Siku mbili baadaye vijana wetu walikwenda kwenye mahame wakachoma kibanda cha nyasi ambacho watu wa ng'ambo walikuwa wamekijenga kukwepa jua. Niliandika kwamba majeshi yetu yamejibu mapigo na kuteketeza ngome. Wanafunzi walipata shida na neno kuteketeza, nikalikata kwa silabi, wakalisoma pamoja kwa sauti moja mpaka likakaa vizuri mdomoni.

Wiki haijaisha, watu wa pande mbili walikutana tena pale pale, safari hii na mapanga. Hayakuwa mapigano marefu. Walioyaona walisema yalikwisha kabla moshi wa sigara haujatawanyika. Jioni ile mjomba alirudishwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, bega la kushoto limepasuliwa, na tabibu wa zahanati akamshona kwa mwanga wa dirisha akiwa na uzi aliokuwa akiutunza kwa ajili ya akina mama wanaojifungua.

Na mimi niliandika. Najua sasa kwamba ningeweza kuacha, lakini siku ile haikunijia kabisa. Ubao ulikuwa mtupu na watu walikuwa wanangoja. Niliandika kwamba adui amepigwa vibaya na kukimbia ovyo, na kwamba upande wetu kuna majeruhi wachache.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea mjomba uji. Alikuwa amelala ubavu, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Akaniuliza ubao unasemaje, maana watu waliokuja kumjulia hali walimwambia tumeshinda. Nikamsomea kutoka daftarini, kwa sauti ya darasani, mpaka mwisho.

Alilitazama bega lake. Kisha akasema, "Kwa hiyo hao wachache ni mimi."

Nikakoroga uji ambao ulikuwa umekwisha kukorogwa.

"Na aliyenikata umemwandika?" akauliza.

Nikasema nimeandika adui.

"Yule ni mtoto wa mwenzangu wa jandoni. Baba yake na mimi tulilala kumbi moja. Nilimbeba yule mtoto mgongoni kuvuka mto, siku za mafuriko. Alipoona damu alitupa panga akalia kuliko mimi." Akatafuta pumzi. "Na wale wanawake, kabla ya siku ile ya kapu, walinitumia mtu. Walisema korosho zinaoza, wewe uko mbali, tuokote tugawane nusu kwa nusu. Mimi sikuwapa jibu, nilikuwa na shughuli. Hilo nalo umeliandika?"

Nilisema sikulijua.

"Hukuuliza," alisema, bila hasira yoyote, na akanyoosha mkono wa kulia apewe kikombe.

Nilitoka pale nikiwa na aibu ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilikuwa nimeandika habari tatu za vita na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote swali lolote. Hata mjomba wangu mwenyewe, ambaye nyumba yake iko hatua arobaini kutoka kwenye ubao. Niliyajua majeshi, ngome na hasara, na sikujua kwamba kulikuwa na ujumbe wa nusu kwa nusu.

Nilichukua boksi la chaki, nikajifunga khanga, nikavuka kijito. Kisingizio changu kilikuwa chaki: kijiji cha ng'ambo nacho kilikuwa na kisomo, na sote tulijua kwamba chaki zao zilikwisha. Mwalimu wao alikuwa mzee aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika kabla vyama havijavunjwa, mtu mwenye mwandiko wa kupendeza kuliko wote niliowahi kuwaona. Watoto waliponiona nikiingia waliacha kucheza wakanitazama. Hakuna aliyenitupia neno. Nadhani hawakuwa wamewahi kumwona adui mwenye boksi la chaki.

Nilimkuta mzee karani mbele ya ofisi yao. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya mjomba wangu kabla ya kuniuliza nimefuata nini. Nilipokuwa namjibu, nyuma ya bega lake niliuona ubao wao.

Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko ule mzuri, wenye mikia kwenye herufi. UVAMIZI, ulisema. ADUI KUTOKA BARABARANI AINGIA ARDHI YETU. WAPIGANAJI WETU SHUPAVU WAMRUDISHA NYUMA. Chini yake: ADUI APATA HASARA KUBWA. UPANDE WETU MAJERUHI WACHACHE.

Niliusoma mara mbili kama mjomba alivyosomewa. Mzee karani aligeuka akatazama nilichokuwa nakitazama, akaelewa.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi," nikasema.

"Neno kwa neno?"

"Sisi tuliweka na mshale."

Alivuta kigoda akakaa, akanionyesha kingine. Akasema na kwao kuna redio, na yeye pia husikiliza saa saba. Tukahesabu pamoja. Mapigano yalikuwa mawili, ukiacha kibanda, na kila kijiji kilikuwa kimeshinda yote mawili. Ngome moja ilikuwa imeteketezwa, na kwao ngome hiyo iliandikwa kama makazi ya raia. Hasara kubwa iliyoandikwa kwenye ubao wao ilikuwa bega la mjomba wangu. Ile niliyoiandika mimi kwenye ubao wetu hakunitajia, alisimama tu akaniambia nimfuate.

Tulikwenda nyumba ya tatu. Mlangoni alikaa dada mmoja mwenye umri unaokaribia wangu, mkono wa kulia umefungwa vijiti na kitambaa, na kwa ule mwingine anamshikilia mtoto anayenyonya. Alikuwa mmoja wa wale wanawake watatu wa siku ya kapu. Siku ya mapanga alikuwa amerudi kuchukua kapu lake, akaanguka watu walipokimbia, na mtu akamkanyaga. Huyu ndiye niliyemwandika kwa herufi kubwa kama uvamizi.

Aliniuliza kama mjomba anaweza kulala. Nikamwambia analala ubavu mmoja. Akasema hata yeye, na shida ni kumgeuza mtoto. Kisha akanieleza, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba wao hawakujiona wanaiba. Mtu kutoka ofisi ya wilaya alikuja na karatasi yenye mstari, akawaambia mahame yale sasa yamo ndani ya kijiji chao. Hata hivyo waliona vibaya kuokota bila kumwambia mwenye kupanda, ndipo wakamtuma mtu kwa mjomba. Jibu halikuja. Korosho zikaendelea kudondoka.

"Mimi niliambiwa umeandika kwamba tulikuwa jeshi," akasema. "Tulikuwa watatu, na huyu mgongoni."

Tuliporudi ofisini kwao, mimi na mzee karani hatukufanya mkutano wala azimio. Tulichukua daftari langu na kalamu yake, tukaandika habari moja, tukakubaliana itoke kwenye mbao zote mbili asubuhi inayofuata. Ilituchukua mchana mzima, kwa sababu kila tulipofika kwenye jina la upande wa pili, mkono ulitaka kuandika adui. Ilikuwa hivi:

Juzi watu wa vijiji vyetu viwili walipigana kwenye mahame. Mtu mmoja wa barabarani alikatwa bega la kushoto, ameshonwa. Mtu mmoja wa ng'ambo alivunjika mkono wa kulia, amefungwa vijiti. Watu wa barabarani wanasema mikorosho waliipanda wao. Watu wa ng'ambo wanasema ofisi iliwaambia ardhi hiyo sasa ni yao. Yote mawili ni kweli. Korosho bado ziko chini na mvua iko karibu.

Niliiandika alfajiri, kwa herufi ndogo kwa sababu ilikuwa ndefu. Sikuweka mshale. Nikasimama pembeni kungoja sifa.

Wanafunzi wangu walikuja, wakasoma mistari miwili, wakaanza kutazamana. Bibi mmoja aliyekuwa hodari kuliko wote alifika katikati akageuka. "Leo mbona hakuna adui?" akauliza.

Nikasema leo hayupo.

"Na aliyeshinda ni nani?"

"Hakuna aliyeshinda, bibi."

"Sasa ukaandika ya nini?" akasema, na akaenda zake kuokota kuni. Wengine wakamfuata. Kufikia saa mbili mbele ya ubao tulikuwa mimi na mbuzi mmoja. Baadaye nilisikia kwamba na kwa mzee karani hali ilikuwa hiyo hiyo, ila yeye hakupata hata mbuzi.

Mwenyekiti aliniita saa nne. Alikuwa amekasirika kwa utaratibu, kama mtu aliyejiandaa. Akaniambia nchi iko vitani, kijiji kiko katika mapambano, na mwandishi wa kijiji anapeleka maneno ya watu wa ng'ambo kwenye ubao wa wananchi. "Wewe uko upande gani?" akauliza.

Nilimwambia aliyekatwa bega ni mjomba wangu.

Hilo lilimsimamisha kidogo. Akasema habari yenyewe ni ndefu mno, imemlazimu aisome mpaka mwisho. Mwenyekiti wetu alikuwa mwepesi kwa herufi kubwa na mzito kwa ndogo, na siku zote alisoma kichwa cha habari akaondoka. Sasa nilimwona anakunja uso, anakumbuka alichokisoma.

"Hii ofisi iliyowaambia ardhi ni yao," akasema, "ni ofisi ipi?"

"Ya wilaya, Ndugu Mwenyekiti. Wanasema ilileta karatasi yenye mstari. Wanasema wenyeviti wa vijiji vyote viwili walitia sahihi."

Alivuta droo, akaifunga. Akaenda dirishani akatazama barabara ambayo haikuwa na kitu kinachopita. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mikutano kabisa, "Karatasi ile ilikuwa ndefu."

Akaniambia nisiifute habari bado.

Siku ya pili yake yeye na mwenyekiti wa ng'ambo walikutana kwenye ghala la korosho, mahali ambapo vijiji vyote viwili vilipelekea mazao yao. Mimi na mzee karani tuliitwa kuandika. Kulikuwa na maneno mengi ya umoja mwanzoni, kisha mjomba, ambaye alikuja akiwa amefungwa mkono shingoni ingawa tabibu alimkataza, akaomba kusema. Alisema anakubali nusu kwa nusu, na kwamba anasikitika hakujibu mapema. Yule kijana aliyemkata alikuwepo nyuma ya watu. Mjomba akamwita kwa jina la baba yake, akamwambia yeye ndiye atakayeokota ile nusu ya mjomba, maana mwenye mikorosho hana mkono. Watu wakacheka. Kijana hakucheka, alikuja tu akakaa karibu na miguu ya mjomba mpaka mkutano ukaisha.

Ningependa kusema kwamba ubao wetu ndio ulioleta hayo. Watu wengi walisema ni mvua. Wingu lilikuwa limesimama upande wa bahari tangu asubuhi, na kila mtu pale ghalani alijua korosho zikilowa hakuna atakayezinunua, hata kutoka kwa mshindi. Wengine walisema ni busara ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti aliliacha wazo hilo liendelee. Mwezi mmoja baadaye gazeti la vijijini lilichapisha habari fupi kwamba wananchi wa vijiji viwili vya Kilwa wameungana kuokota korosho kwa moyo wa kizalendo ili kuunga mkono mapambano dhidi ya adui. Bega halikutajwa, wala mkono. Afisa wa elimu alinipongeza, akidhani ni mimi niliyeipeleka.

Kule Kagera na mbele ya Kagera vita viliendelea, na mimi niliendelea kukaa mbele ya redio saa saba. Lakini kazi ilikuwa imeniharibikia. Kila mtangazaji aliposema majeruhi wachache, nilianza kujiuliza wanalala ubavu gani. Aliposema adui amekimbia ovyo, nilitaka kujua kama kuna aliyerudi kuchukua kapu. Na hapakuwa na kijito cha kuvuka wala mzee karani wa upande ule wa kumpelekea chaki. Niliandika nilichosikia, kwa sababu ndiyo habari iliyokuwepo, ila niliacha kuongeza mshale, na nikaanza kila habari kwa maneno redio imesema. Hakuna aliyeona tofauti, isipokuwa mzee karani, aliyeanza kufanya hivyo hivyo bila kuniambia.

Kutoka kijiji chetu kijana mmoja alikuwa amekwenda vitani na mgambo. Alirudi baada ya ushindi, kwa lori, saa tano asubuhi, amevaa koti la jeshi lililompwaya. Kijiji kizima kilitoka na vigelegele. Siku chache baadaye nilimfuata nyumbani kwao na daftari. Nilikuwa nimeandaa maswali safari hii, ukurasa mzima: walikula nini, baridi ilikuwaje, watu wa kule walisema lugha gani, kuna aliyewahi kuzungumza naye.

Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliyajibu maswali yangu polepole, yote, bila kuacha kuchonga. Alinieleza habari za bibi mmoja wa Uganda waliyemkuta amejificha chini ya kitanda, na jinsi bibi yule alivyotoka akawapikia ndizi, akakaa akiwatazama wanavyokula, akitetemeka, mpaka mmoja wao akashindwa kumeza. Alinieleza na mengine ambayo sitayaandika hata leo. Nilikuwa naandika upesi, na nilijua hii ndiyo habari niliyokuwa nikiitafuta mwaka mzima.

Alipomaliza akaitazama kalamu yangu. "Usiyaweke ubaoni hayo, mwalimu," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, watu wanapaswa kujua.

"Watafika penye bibi, wataparuka. Watatafuta mahali nilipopiga mtu. Wakikosa watasema sikuwa vitani, wakipata watanifanya niwe hivyo mpaka nife." Akapuliza vumbi la mti kutoka kwenye mpini. "Mimi nataka kulima."

Nilikuwa na habari ya kweli kuliko zote nilizowahi kupata, ya mtu aliyeulizwa na kujibu, na mwenyewe alikuwa anaomba isitoke. Nikachana kurasa zile nikampa. Alizikunja vizuri, akazitia chini ya mkeka alioukalia, akaendelea na jembe lake.

Asubuhi niliandika ubaoni kwamba kijana wetu amerudi, ni mzima, na anatafuta mtu wa kusaidiana naye kufyeka shamba. Watu wanne walijitokeza kabla ya adhuhuri.